Mashavu ya Ngeleka

Mwene-Ditu, 15 Aprili 2013

Kwa fundi wa picha, kwenye televisheni ya Kolwezi iliyoonyesha filamu ya gare

Bwana Fundi,

Sijui jina lako, nawe hunijui. Mimi ni Mpoyi Mulumba, tourneur, mkereza vyuma, miaka ishirini na miwili kwenye karakana ya mgodi huko Kolwezi, mpaka siku ninyi watu wa Katanga mlipotuambia kwamba Wakasai warudi kwao. Mimi nilizaliwa Kolwezi, na kwetu huko Kasai nilikuwa sijapaona hata kwa macho, lakini hayo tuyaache. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mashine zilikula masikio yangu, na simu kwangu ni kipande cha plastiki tu.

Filamu yenu imefika hapa. Kuna mtu anauza DVD zake sokoni. Jumapili iliyopita, baada ya misa, sisi jumuiya ya waliotoka Kolwezi tuliiweka kwa Muamba, maana ana televisheni kubwa. Tulikuwa watu kama arobaini. Nilikaa mbele kabisa na mke wangu Tshibola, mgongo wima, kwa sababu miaka ishirini yote mimi ndiye niliyewasimulia watu hawa njaa ya gare, stesheni ya treni ya Kolwezi, kama yeye alivyonisimulia. Mimi mwenyewe niliondoka na treni ya kwanza, Novemba 1992, nije nitafute nyumba. Yeye alibaki gare na mtoto wetu Ngeleka, wa miaka mitatu, wakingoja treni chini ya turubai kwa miezi minne. Mtoto alifia ndani ya behewa, wakamzika Lubudi kando ya reli. Njaa. Hilo ndilo neno alilonipa.

Sasa, dakika ya kumi na moja, namwona nani? Tshibola, amekaa chini mbele ya behewa, mtoto magotini. Amenona. Mashavu, mabega, na tumbo la mama mwenye duka. Mtoto naye mashavu tele. Nyuma yangu mtu alicheka. Sikusikia, nilimwona. Kisha Adolphine, dada yake Muamba, akachukua kile kidaftari ninachotembea nacho ili watu waniandikie, akaandika: "Ndiyo njaa yenyewe hii?"

Bwana, mtoto mwenye mashavu vile hafi njaa. Basi alikufa na nini? Hapa watu hawachelewi kupata jibu. Wameshaanza kusema mama yake alimla, na wewe ni mtoto wa Katanga, unajua kwamba hawasemi habari za meno. Wanasema mchawi.

Nataka kwako mambo mawili. Picha ile ni ya kweli, au mlitia kitu? Halafu nikuzie uso wake na mkono wake wa kulia, nione ameshika nini. Mimi naona mkate.

Usinijibu kwa maneno ya kubembeleza. Nataka jibu la fundi kwa fundi.

Mpoyi Mulumba


Kolwezi, 2 Mei 2013

Tata Mpoyi,

Jambo. Mi ni Stany Nkulu, ndiye niliyeigeuza ile filamu ipate kupita kwenye televisheni. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka sita, kwa hiyo lile neno lako "mlipotuambia" unaweza kulipeleka nyumba nyingine.

Kanda ilitoka parokiani. Mtu aliyezoea kupiga picha za harusi aliipiga pale gare siku moja ya Machi 1993, baadaye ikaingizwa kwenye kompyuta, na kwangu ilifika kama faili. Unauliza kama tulitia kitu. Hatukutia kitu, Tata, na hatukutoa kitu. Picha ni ya kweli. Kila mtu unayemwona alikuwako, na hakuna hata mmoja aliyekatwa. Directeur wangu amesoma barua yako naye anasema hivyohivyo. Anasema pia watu wa Kasai msituanzie tena. Hilo naandika kwa kuwa amesimama hapa nyuma yangu.

Habari ya kukuza, nakutumia uso na mkono kwenye karatasi, lakini utaona viraka tu. Picha nzima imeundwa na vitone mia saba na ishirini kwa upana, mia tano sabini na sita kwa kimo, basi. Uso wa mama umepata vitone kama thelathini. Nikikuza, vitone havizai vingine, vinavimba tu mpaka vinafanana na vigae vya sakafu. Mkononi kuna kitu cheupe. Labda ni mkate, labda kitambaa, labda hata karatasi. Atakayekuambia anajua kwa kutazama picha hii, anakudanganya.

Nimeweka pia picha nzima, pamoja na behewa lililo nyuma yao, uwe nayo.

Stany Nkulu


Mwene-Ditu, 26 Mei 2013

Bwana Stany,

Asante. Una ulimi mkali, lakini neno lako ni moja, nami ndilo nililotaka. "Picha ni ya kweli." Nilipiga mstari kwa wino mwekundu chini ya maneno hayo manne, nikampa Tshibola asome mbele ya jumuiya. Anasoma kwa kidole, kama mtoto wa shule, kwa hiyo alichukua muda, na watu wakangoja.

Alipomaliza nikamwekea ile picha nzima juu ya meza. Nikamwambia, haya, eleza. Akaandika kwenye kidaftari changu: "Nilikuwa mifupa." Nikamwekea kidole kwenye shavu lake pale pichani. Nikamuuliza, mifupa iko wapi? Nani alikuwa anakulisha? Mwanaume gani alikuwa anakuletea bukari, ugali, na samaki mle gare, wakati mimi huku nakula majani nikitafuta nyumba yako? Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mtoto tu. Akanyoosha mkono aichukue picha, nikamnyang'anya, maana ushahidi haupewi mshtakiwa.

Nikamuuliza la mwisho: mtoto huyu mwenye mashavu haya, ulimfanya nini? Nilisema kwa sauti, mimi nisiyejua tena sauti yangu ina ukubwa gani. Naambiwa ilifika barabarani.

Akaenda kufunga furushi lake. Binti yetu Fifi, tuliyemzaa hapa baadaye, alimshika mama yake kiunoni akilia. Nikamwambia achague: hapa ndani, au kule nje. Ana miaka kumi na saba na yuko karibu na mtihani wa mwisho, akabaki. Wanawake wa jumuiya walimsindikiza Tshibola mpaka gare wakiimba. Sikusikia wanaimba nini, na sikuuliza. Alipanda treni ya mizigo iendayo Lubudi.

Walitufukuza sote pamoja mara moja, na yeye sasa ni mara ya pili. Atakuwa ameshazoea.

Nakushukuru kwa kazi safi. Kama ungekuwa karakanani kwangu ningekuwekea alama nzuri.

Mpoyi Mulumba


Kolwezi, 16 Juni 2013

Tata Mpoyi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ngoja nikuambie, halafu unitukane unavyotaka.

Picha ni ya kweli, lakini mama hakuwa vile.

Uliponiuliza kama ni ya kweli, nilifikiri unanishtaki kwamba nimeghushi. Nikakasirika, nikajibu kama mtu aliyesingiziwa wizi. Sikujiuliza wewe neno hilo unalitakia nini. Na Directeur alikuwa hapo. Basi nikakuambia hatukutia kitu, na ni kweli hatukutia. Tulivuta.

Tata, televisheni za zamani zilikuwa karibu na mraba. Upana ukiwa nne, kimo ni tatu, na ile kanda ya gare ilipigwa kwa kipimo hicho. Hizi za sasa ni ndefu, kumi na sita kwa tisa, kama mlango uliolazwa. Ukiiweka picha ya zamani mle ndani bila kuigusa, inakaa katikati na pembeni zinabaki nguzo mbili nyeusi. Mi ndivyo nilivyofanya kwanza. Siku tuliyojaribu kurusha kipande, simu hazikuisha: televisheni yenu imekufa pembeni, televisheni yenu inachungulia. Directeur akasema jaza kioo, sitaki kuona weusi. Ningeweza kuikuza mpaka ijae, lakini hapo unakata juu na chini, na watu wa gare wengi walikuwa wamekaa chini. Nilijaribu. Mama Tshibola alipotea, likabaki behewa na vichwa vya waliosimama. Nikaona ni dhambi kumkata mtu kwa mara nyingine. Basi nikaishika picha huku na huku, nikaivuta ikajaa. Watu wote wa gare wakanenepa kwa theluthi moja. Nilifanya hivyo ili mama asipotee, Tata. Naapa.

Hapa Kolwezi nako watu walipiga simu baada ya filamu. Walicheka. Walisema, kumbe waliondoka wamenona hivi, na miaka yote hii wanatulilia njaa. Directeur alifurahi sana. Nimemwendea na barua yako nikamwomba turushe tena kwa kipimo chake. Akaniambia filamu ni nzuri jinsi ilivyo na kila mwezi wa tatu itapita hivyohivyo, na kama vidole vinaniwasha kuna vijana wengi wanaojua kompyuta. Nikarudi mezani kwangu. Nina mke na watoto wawili. Naandika hivi nikijua si sababu ya kutosha.

Usiniamini mimi. Nilishakuambia "kweli" mara moja, na umeona ilikofika. Wewe ni tourneur. Chukua ile picha nzima niliyokutumia na utazame nyuma ya bega la kushoto la mama, chini ya behewa. Kuna gurudumu. Lipime.

Stany


Mwene-Ditu, 7 Julai 2013

Stany,

Upana milimita ishirini na nane. Kimo milimita ishirini na moja.

Nimepima mara tano, kwa kalipa yangu, kile chombo cha kupimia vyuma, niliyoificha ndani ya soksi siku ya kufukuzwa. Nne kwa tatu, bila hata unywele kuzidi. Gurudumu la treni lenye umbo la yai. Katika karakana nilikuwa narudisha kazi ya kijana yeyote iliyokosea kwa unene wa karatasi ya sigara, na nilikuwa namwaibisha mbele ya wenzake ili asisahau. Picha hii imekaa juu ya meza yangu wiki saba. Sikuliona gurudumu kwa sababu nilikuwa natazama tumbo la mke wangu.

Nilikwenda na picha kwa Muamba, nikaita jumuiya, nikawaeleza kwa kalipa mkononi. Walitazama kwa adabu. Adolphine akaniandikia: "Mzee, gurudumu halikula mtoto." Wote wakasoma, na wengine wakaficha midomo kwa mkono. Nimegundua kwamba uongo niliwapa mimi mwenyewe, kwa sauti iliyofika barabarani, na ukweli sina sauti ya kuufikisha hata mlangoni. Hata Fifi hali tena pamoja nami. Ananiwekea sahani na kuondoka.

Nimemwandikia Tshibola barua tatu. Hajibu. Wewe uko karibu naye kuliko mimi. Fifi anasema anakaa Lubudi kwa mjane mmoja anayeitwa Mama Mbelu, karibu na gare, na wanauza unga wa mihogo. Nenda. Nakuomba kama mtu anayepiga magoti, nami sijazoea kupiga magoti. Toa ile picha kwa kipimo chake, mpelekee. Mwambie nimepima. Mwambie nimemwona hana kosa. Mwambie nyumba ni yake na arudi, nitamngojea gare mbele ya wale wote waliomwimbia.

Niandikie alichosema, neno kwa neno, hata likiwa baya.

Mpoyi


Lubudi, 18 Agosti 2013

Mpoyi,

Ule kijana Stany alifika hapa kwa pikipiki, vumbi mpaka mu meno. Alilia mbele ya kunisalimia. Nilimupa maji ya kunywa, nikamupa kiti. Alisema unataka akuandikie maneno yangu. Nikamuambia miye niko na mukono. Utasoma pole pole, vile miye nilisoma na kidole ile barua uliniwekea mbele ya batu.

Anasema ulipima gurudumu, na umeona siko na kosa. Ni muzuri. Miaka makumi mbili uliamini kinywa yangu. Televisheni ikasema siku moja, ukaacha kuamini. Chuma ikasema, ukarudilia kuamini. Kesho kitu ingine itasema, na miye nitakuwa nimekaa mu nyumba yako nangojea ile kitu itasema nini. Apana, Mpoyi. Niko muchoka.

Uliuliza mu mukono nilishika nini. Ilikuwa kipande ya karton. Nilikuwa namupepea Ngeleka juu ya nzi.

Uliuliza nani alikuwa ananilisha. Weye haukuniuliza siku hata moja mutoto alikufa namna gani. Miaka makumi mbili, hata siku moja. Ulisema njaa, njaa, mbele ya bageni, ukikula bukari. Basi leo minakuambia. Treni ilisimama mbele ya Tenke siku mbili. Alikuwa anaomba maji, kisha akaacha kuomba. Kisha akaniuliza baba iko wapi. Nikamuambia baba iko anatutafutia nyumba. Akasema, ni mukubwa ile nyumba? Nikasema ni mukubwa. Kule Lubudi nilimushusha na hii mikono yangu, na alikuwa mwepesi mpaka nilizani nimebeba nguo tu. Mama Mbelu njo alinisaidia kuchimba. Alikuwa hanijue. Ni Mulubakat, mutu wa Katanga, bandugu yake njo bale walitufukuza, na alichimba na jembe yake mwenyewe. Kwa ile sababu nilirudia kwake, si kwako.

Miye sikukukasirikia juu ulipanda treni ya kwanza. Kila mutu alikuwa anakimbia. Ninakukasirikia juu ulifika, ukakaa, na siku picha ilikuya ukafurahi kupata mutu wa kubeba ile zambi pa nafasi yako. Niliona uso yako mu nyumba ya Muamba. Haukukuwa na huzuni, Mpoyi. Ulipumua.

Stany alileta picha mbili. Moja ni ile ya kweli, ya kipimo yake. Alizani nitafurahi. Nilijiona: macho na mifupa, na Ngeleka kichwa mukubwa, shingo kama kijiti, midomo imepasuka. Nilikuwa nimeanza kusahau ile midomo. Kijana akasema, Mama, sasa kila mutu ataona haukudanganya. Nikamuambia bale wote wenye kuona walikuwa pale na miye, na wengi walikufa.

Ingine ni ile ya kuvuta, sawa na ile ulininyang'anya. Nilimuomba aniachie. Hakuelewa. Alisema, Mama, ile ni ya uongo, ni ile ilikuumiza. Nikamuambia picha zetu zote ziliungua na nyumba ya Kolwezi, na hii miaka yote nikifunga macho ninaona ule mutoto wa behewa tu. Mule mu ile ya kuvuta iko na mashavu. Iko na mikono ya kushikika. Hata miye niko na kifua, niko na magoti ya kukalia mutoto. Vile njo tungekuwa kama batu hawakukuwa wabaya. Nimeipachika pa ukuta, karibu na mulango. Mama Mbelu anapitia pale asubui anasema, jambo, Ngeleka.

Sitarudia. Usikuye. Ukikuya nitatoka na mulango ingine. Fifi akimaliza mutihani na akitaka, aniletee viatu yangu ya kanisa.

Ile picha ya kweli minakutumia mu hii enveloppe. Ni yako, uliipima sana. Ule mutoto munene ni wangu. Ule mwembamba ni wako, ukae naye.

Tshibola